Nitoboe kuta za nyumba ili bima ishuke?

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Pangani, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja Marekani. Tunakaa Norfolk, Virginia. Mume wangu anaendesha lori la makontena bandarini. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, zamu ya usiku. Nakuandikia saa tisa za usiku, wazee wamelala, na jambo lenyewe limenikaa kooni mpaka chakula hakipiti.

Mtaa wetu uko karibu na mto Lafayette. Ukisikia mto usidhani unateremka mlimani. Ni mkono wa bahari, maji yake yanajaa na kupwa kama ya kwetu Pangani. Tulipohamia nilishangaa kukuta barabara imejaa maji siku ya jua kali, angani hata wingu hakuna. Jirani yetu, mzee wa Kimarekani, akanisimamisha kunieleza habari za mwezi mpevu na upepo wa kaskazini mashariki. Nikacheka moyoni: mzee, bamvua naijua tangu sijaota meno. Nisichokijua ni bamvua inayokuja na bili.

Nyumba tuliinunua mwishoni mwa 2022. Ni ya zamani, ya 1954, chumba cha chini ya ardhi haina. Sakafu imeinuliwa futi mbili na nusu hivi, na chini yake kuna uvungu uliozungushiwa ukuta wa bloku pande zote nne. Eneo lake futi 1,200 za mraba. Benki mbili zilitukataa kwa sababu historia yetu ya mikopo ilikuwa changa, basi kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anayeishi Maryland, akatusaidia. Hati iko kwa jina lake, mkopo kwa jina lake, na bima vilevile. Malipo ya kila mwezi tunatoa sisi na hatujawahi kuchelewa. Bima ya mafuriko hatukuanza upya. Wakala alisema tunaweza kuichukua ile ya aliyetuuzia, ikahamishiwa kwa kaka.

Mwaka wa kwanza tulilipa dola 1,340. Uliofuata 1,600. Barua iliyokuja mwezi uliopita inasema 1,925.

Hapo ndipo mume wangu akaja na habari ya matundu. Mwenzake kazini amemwambia ukiweka matundu ya kupitishia mafuriko kwenye kuta za uvungu, bima inashuka. Tukaita kampuni moja, wakaja na tepu na taa kichwani, wakasema tunahitaji sita ya aina maalumu, dola 4,200 pamoja na kibali. Kisha fundi mmoja wa kwetu, tunayesali naye, akasema huo ni wizi: yeye atatuwekea sita za kawaida, zile nyavu za chuma za dukani, kwa 1,500. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba hata hizo si lazima. Nyumba tayari ina vidirisha vya hewa vinane, tuvipige picha tumpelekee wakala, basi.

Mama, baba yangu alikuwa mwashi. Maisha yake yote alikuwa anapigana na maji. Msingi wa mawe, timazi, lipu mara mbili, na akimaliza anamwaga ndoo ya maji ukutani kuona kama panavuja. Leo naambiwa nitoboe ukuta ili maji YAINGIE. Nikimwambia mama kwenye simu atadhani nimerukwa na akili.

Kaka naye kasema, "Msiguse ukuta. Nyumba ikipata ufa, jina ni langu." Mume wangu akajibu, tena simu ikiwa kwenye spika, "Kama jina ni lako, na bili lipa wewe." Tangu siku hiyo hawasemezani. Mume wangu sasa amefika mahali pa kusema tuiache bima kabisa, kwani miaka mitatu maji hayajawahi kuvuka ngazi ya pili ya baraza.

Na fedha zenyewe: mwezi wa nane ni zamu yangu ya upatu, dola 4,000. Nilishamwahidi mama nitamwezekea nyumba, mabati ya Pangani chumvi imeyala mpaka ukilala unahesabu nyota. Mume wangu anasema kwanza nyumba tunayolala sisi.

Nifanye nini? Nitoboe? Nimsikilize nani?

Mpangani wa Norfolk

*

Marahaba, mwanangu. Pole na zamu za usiku, na pole zaidi na spika ya simu. Kifaa hicho kimegombanisha ndugu wengi.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Umeniuliza kama utoboe ukuta, lakini mimi naona mafundo matatu yamefungwa kwa kamba moja. Kuna nyumba na maji. Kuna bili na jinsi inavyopangwa. Na kuna jina la kaka. Mmekuwa mnavuta kamba yote kwa pamoja, ndiyo maana inazidi kukaza. Kabla sijaanza kusoma barua za watu nilikaa ofisi ya bima miaka kadhaa, kwa hiyo leo utanivumilia nikianza na hesabu.

Nianze na marehemu baba, maana naona yeye ndiye anayekuzuia kulala. (Umeandika "alikuwa"; kama yu hai, anisamehe.) Baba alikuwa anazuia mvua: maji yanayopiga ukuta, yanateremka, yanakwenda zake. Mafuriko hayana tabia hiyo. Yanasimama nje ya ukuta na kuuegemea. Chukua futi mbili tu za maji, nje yapo, ndani ya uvungu hayapo. Ukuta wa urefu wa futi 30 hapo unasukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 1,700. Ni kama gari dogo na abiria wake limeegeshwa ubavuni mwa bloku za 1954, ambazo fundi wa wakati ule alizipanga zibebe mzigo wa juu, wala hakuwaza msukumo wa pembeni. Ukuta ukibonyea ndani, sakafu inafuata. Matundu kazi yake ni kuyaacha maji yaingie na kutoka yenyewe, bila mtu kufungua chochote, ili ndani na nje yawe kimo kimoja na ukuta usisukumwe. Wazee wa Rufiji waliojenga madungu juu ya nguzo katikati ya mashamba ya mpunga walishalijua hilo: mto ukifura unapita chini, wewe uko juu unalinda shamba. Sidhani kama mwashi aliyekuwa akimwaga ndoo ukutani kujaribu kazi yake angekataa hoja hii akionyeshwa. Angeuliza tu linta ya juu ya tundu itakaaje. Na hilo ni swali la kumwuliza kila fundi atakayekuja, kwa sababu tundu lililokatwa ovyo kwenye bloku ni ufa unaosubiri, na hapo hofu ya kaka yako ina mguu wa kusimamia.

Lakini usije ukadhani matundu yanazuia maji kufika sebuleni. Hayazuii. Yakipanda futi mbili na nusu, yatafika kwenye zulia lako kama yangefika bila matundu. Yanachookoa ni msingi.

Sasa fundi mnayesali naye. Sina neno baya naye, na huenda anaamini anachosema. Ila tundu la mafuriko lina masharti yake katika kanuni za FEMA, shirika la serikali linalosimamia Mpango wa Taifa wa Bima ya Mafuriko ulioanzishwa 1968. Kila uvungu uwe na matundu yasiyopungua mawili, na yawe kwenye kuta mbili tofauti. Ukingo wa chini wa tundu usiwe juu ya futi moja kutoka ardhini. Na kwa matundu ya kawaida, kila futi ya mraba ya uvungu idai inchi moja ya mraba ya uwazi. Wewe una futi 1,200, unadaiwa inchi 1,200. Nyavu ya dukani ya inchi 8 kwa 16 ukiizidisha unapata 128, lakini ndani yake kuna vyuma na waya, na kinachohesabiwa ni nafasi ambayo maji yanapita kweli. Tuseme inabaki nusu, inchi 64. Utahitaji nyavu kumi na tisa. Sita zake hazifiki hata theluthi moja.

Zile za kampuni ni za aina nyingine, zilizobuniwa na kupimwa na wahandisi. Zina kijimlango na maboya. Maji yakiingia boya linanyanyuka, mlango unaachia, unayumba ndani na nje. Kwa kawaida moja ya ukubwa ule huthibitishwa kwa futi 200 za mraba. Gawanya mwenyewe: sita. Kwa idadi hawakukudanganya. Bei ni jambo lingine. Ningetaka bei ya pili na ya tatu, na ningetaka kuona kwa macho cheti cha uthibitisho wa vifaa hivyo, kwa sababu bila karatasi hiyo wakala hawezi kukuhesabia kitu hata kama ukuta umekuwa kama chekecheke.

Na vile vidirisha vinane vya hewa? Chukua tepu, toka nje, pima kutoka ardhini hadi ukingo wa chini wa kila kimoja. Nyumba nyingi za umri huo viliwekwa juu, karibu na sakafu, ili unyevu utoke. Ukikuta zaidi ya inchi 12, yaani ile futi moja, havihesabiki. Kama vina kile kifuniko cha kusukuma kwa kidole wakati wa baridi, navyo havihesabiki mpaka kifuniko kifungwe kikiwa wazi, kisirudi tena. Kupiga picha vitu hivyo na kumwambia wakala ni matundu ya mafuriko, mwanangu, ni kuandika uongo kwenye mkataba ambao utasomwa kwa makini siku moja tu: siku ambayo maji yameshaingia. Tena mkataba wenyewe una sahihi ya kaka, siyo yako.

Nije kwenye bili, maana hapa ndipo barua yako iliponishtua.

Kutoka 1,340 hadi 1,600 ni ongezeko la asilimia 19. Kutoka 1,600 hadi 1,925 ni asilimia 20. Sheria inaweka kikomo: kwa nyumba ambayo mwenye bima anaishi mwenyewe, malipo kwa kawaida hayapandi zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka. Kwa nyumba ya zamani kama hii ambayo haishi, kikomo ni 25. Na kuna tozo ya nyongeza, iliyowekwa kwa sheria ya 2014: dola 25 kwa anayeishi, dola 250 kwa asiyeishi. Sasa nitazame mimi nikiwa kompyuta ya bima. Mwenye bima ni bwana fulani wa Maryland. Nyumba iko Norfolk. Bila shaka ni nyumba yake ya pili, au ya kupangisha. Kompyuta haijui kwamba ndani kuna dada yake na wapwa wawili wadogo. Nikiondoa tozo na ada, kupanda kwa bili yenu kunafanana sana na ule wa asilimia 25. Sijaiona karatasi yenyewe, kwa hiyo nasema kunafanana. Ila kabla hujatoboa hata bloku moja, mwombe kaka akutumie ukurasa wa mbele wa bima, wenye mchanganuo wa malipo, utafute mstari wa ile tozo. Ukikuta 250, utajua kwamba sehemu ya mnacholipa haitokani na bahari wala na ukuta. Inatokana na jina.

Kwenye ukurasa huohuo kuna namba nyingine muhimu kuliko zote. Utaratibu wa sasa wa kukadiria, ulioanza Oktoba 2021 kwa bima mpya na Aprili 2022 kwa zinazohuishwa, unaipa kila nyumba bei yake kamili kulingana na hatari yake: umbali na maji, kimo cha sakafu, aina ya msingi, gharama ya kuijenga upya. Kwa kuwa mlirithi bima ya zamani, inaelekea hamjafika kwenye bei hiyo. Mnapandishwa kidogokidogo kila mwaka kuielekea. Punguzo la matundu linakatwa kwenye bei kamili. Kwa hiyo inawezekana kabisa mkaweka matundu sita, mkalipa 4,200, na bili ya mwaka ujao isishuke hata senti, kwa sababu bado mko chini ya bei kamili hata baada ya punguzo. Mtakachopata ni ngazi fupi zaidi ya kupanda. Si kitu kibaya, lakini sicho ambacho mume wako ameambiwa kazini.

Dawa yake ni simu moja kwa wakala, na kwa kuwa bima ni ya kaka, kaka awepo kwenye simu. Aulizwe: bei kamili ya nyumba hii ni ngapi bila matundu, na ni ngapi yakiwepo yote kwa masharti? Na bili ya mwaka ujao itakuwa ngapi kwa kila hali? Akupe kwa maandishi. Kama tofauti ni dola 120 kwa mwaka, 4,200 zitarudi baada ya miaka 35, na mjukuu wako ndiye atakayefurahia. Kama ni 600, miaka saba. Sitaki kukubahatishia ni ipi.

Wakati mko kwenye simu, ulizeni habari ya cheti cha mwinuko. Ni vipimo vya mpima ardhi vinavyoonyesha sakafu yenu iko juu kiasi gani. Siku hizi si cha lazima, lakini ukikipeleka wanatumia kimo chenye nafuu kwako kati ya chako na kile walichokadiria wao. Nyumba yenye futi mbili na nusu za uvungu, huenda kompyuta imeiweka chini kuliko ilivyo. Wakati mwingine ofisi ya ujenzi ya jiji au aliyekuuzia anacho kwenye faili, na hapo hulipi mpima. Waulize pia mkikubali kubeba kiasi kikubwa zaidi wenyewe kabla bima haijalipa, bili inashuka kwa kiasi gani; mwisho ni dola 10,000, na benki lazima ikubali. Lakini mtu anayetegemea upatu kupata 4,000 ajiulize 10,000 atazitoa wapi usiku wa maji.

Wazo la mume wako la kuiacha bima nalielewa, limetoka kwenye uchovu. Ila nyumba ikiwa kwenye eneo lililochorwa kuwa la hatari, na mkopo ni wa benki iliyo chini ya usimamizi wa serikali kuu, bima ni lazima. Mkiiacha, benki itatoa notisi, na baada ya siku 45 itawanunulia yenyewe na kuwadai, na bima ya kununuliwa na benki haijulikani kwa urahisi wa bei. Baya zaidi, ile ngazi mliyorithi ya kupanda kidogokidogo inavunjika. Mkirudi baadaye mnaanzia kwenye bei kamili, na kwa kawaida mnasubiri siku 30 kabla haijaanza kufanya kazi. Kuhamia kampuni binafsi kunaweza kuwa nafuu mwaka wa kwanza, lakini mkitaka kurudi, ngazi ni ileile iliyovunjika. Na kuhusu ngazi ya pili ya baraza: kipimo cha maji cha Sewells Point, hapohapo Norfolk, kinaandika tangu 1927, na bahari imepanda pale kwa zaidi ya futi moja, kwa sababu maji yanapanda na ardhi yenyewe inatitia. Waliokuwepo Septemba 2003 kilipopita kimbunga Isabel hawapimi kwa miaka mitatu. Mwulize yule mzee jirani. Anaonekana anapenda kueleza.

Sasa fundo la mwisho, na hapa nitakwenda polepole.

Umeandika kwamba kaka "akatusaidia", na ni kweli alisaidia. Lakini hebu tuangalie msaada huo umemweka kila mtu wapi. Maji yakiingia, hundi ya jengo itaandikwa jina la kaka na la benki. Vitu vya ndani, kama bima yenyewe inavigusa, ni vya mwenye bima na jamaa anaoishi nao nyumba moja; kaka anaishi Maryland. Makochi yenu, kitanda cha watoto, cherehani, vinalindwa na nani? Huenda hakuna. Mkaaji asiye mmiliki anaweza kununua bima ya vitu vya ndani peke yake, kwa jina lake, mpaka dola 100,000. Hilo unaweza kuliulizia kesho bila kumgusa yeyote.

Kuhusu hati na mkopo, sitakuelekeza cha kufanya kwa barua. Sisi tunaita kusaidiana. Benki ikisoma karatasi zake, huenda ikauita kwa jina lingine, hasa kama kaka aliandika kwamba ataishi hapo yeye. Kuhamisha hati kwenda kwenu kunaweza kuipa benki haki ya kudai mkopo wote kwa mkupuo, na kuna mambo ya kodi. Tafuteni wakili wa mambo ya nyumba wa Virginia, mkae naye saa moja, mwulize kaka kabla hamjaenda aliandika nini hasa. Inawezekana historia yenu ya mikopo sasa imekomaa kiasi cha kuchukua mkopo kwa jina lenu. Inawezekana haijakomaa. Bima ya mafuriko ya serikali inaweza kuhamishwa pamoja na umiliki, kama ilivyohamia kwa kaka, kwa hiyo ngazi haipotei mkifuata taratibu.

Nataka pia umtazame kaka upya. Aliposema "jina ni langu" mume wako alisikia majivuno. Mimi, kwa mbali huku, nasikia mtu mwenye deni la nyumba asiyoilala, anayeogopa fundi asiyemjua atoboe ukuta ambao yeye ndiye atakayeulizwa. Na mume wako aliposema "lipa wewe", alikuwa mtu ambaye miaka mitatu analipia nyumba na hana hata karatasi moja yenye jina lake. Wote wawili wanaogopa kitu kilekile. Naweza kuwa nimekosea. Wewe ndiye unayewajua.

Na mabati ya mama. Sikusikia mahali popote kwenye barua kwamba mume wako anakataa mama asiezekewe. Nimesikia anagombania zamu. Kibarua cha matundu hakina tarehe ya mwisho, na mengi kati ya niliyokutajia, kuanzia ukurasa wa bima hadi tepu, hayagusi dola hata moja ya upatu. Mvua za vuli Pangani zina tarehe. Lakini na msimu wa vimbunga upande wenu unafika kileleni Septemba, na ukuta uliokwishabonyea haungoji upatu wa mwakani. Kwa hiyo kabla ya kugawa fedha kichwani, ingia uvunguni mchana na taa nzuri. Tazama kuta kwa ndani. Je, kuna mstari wa ufa unaofuata viungo vya bloku kama ngazi? Kuna alama ya maji, na iko kimo gani? Weka timazi, unajua kuitumia. Ukuta uliosimama wima na ukuta ulioanza kuinama ndani haviombi uamuzi mmoja, na hilo si mimi, si kaka wala kampuni ya dola 4,200 anayeweza kuliona kabla yako.

Ukitoka huko, oga, kisha mpigie kaka. Bila spika. Anza na salamu ndefu za kwetu, mwulize shemeji na watoto, halafu mwambie: "Kaka, nisaidie tena jambo dogo. Nitumie ule ukurasa wa mbele wa bima, tuusome mimi na wewe, mstari kwa mstari." Akisema ndiyo, mwite mume wako akae karibu.

Niandikie ulichokikuta kwenye ule mstari wa tozo.